Kidole Nyuma ya Pazia

Safari iliyonifikisha Kilwa ilinichukua siku tisa, na wala sikuwa nakwenda Kilwa. Nilikuwa nakwenda Lindi kwa binamu yangu aliyekuwa akivuna chumvi. Kabla ya hapo nilikaa Kahama miezi minane, Mpanda mwaka mmoja, na Morogoro kwa muda ambao siukumbuki vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, cheti cha kidato cha nne, mwandiko mzuri, na ugonjwa wa kutotulia. Mama alisema ugonjwa huo nimeurithi kwa wazee wetu waliobeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani.

Nilipanda treni hadi Dar es Salaam, kisha basi la kusini. Daraja la Rufiji lilikuwa limekwishafunguliwa, lakini mbele yake barabara ilikuwa bado ya udongo, na masika yale udongo ulikuwa unameza magurudumu. Tulikwama siku mbili. Wanaume walisukuma, wanawake wakapika uji kwa unga wa mzigo wa mtu fulani ambaye hakuulizwa. Mimi nilikaa juu ya kigogo nikaandikia abiria barua za kupeleka na lori lililokuwa likirudi Dar: nimekwama, nipo salama, msiuze mbuzi. Mama mmoja mfanyabiashara wa kanga alinitazama nikiandika barua ya nne au ya tano, akaniambia kwamba Kilwa Masoko kuna wakili anayetafuta karani, na makarani wawili wa mwisho walifukuzwa kwa sababu hata wenyewe hawakuweza kusoma walichoandika. Tulipofika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, nikashuka naye. Nilisema nitakaa msimu mmoja wa korosho. Nilikaa miaka ishirini na miwili.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaochukua meza yangu. Ya mishahara na vyeo siyaandiki. Hayakuwa mengi, na hayatawasaidia. Nitaandika juu ya wasia, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya zaidi, na ndiyo niliyoikosea.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi Somoe. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ndiye aliyeiendesha ofisi. Wakili alikuwa wakili tu. Aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tabora, akavua miwani.

"Mnyamwezi! Na mzigo umeutua wapi?"

Huo ndio utani wa watu wa pwani kwetu sisi, na nilikuwa nimeusikia tangu mdomoni mwa kondakta. Lakini Bi Somoe hakuuacha. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja aliniita Mnyamwezi, na jina langu alilitumia mara moja tu, nitakayoieleza.

Alinikabidhi mkoba mweusi wenye zipu mbovu. Ndani mlikuwa na kalamu mbili za wino mweusi, pedi ya muhuri ya rangi ya zambarau, vitambaa, bahasha, kipande cha lakiri ya kuzibia bahasha, na kichupa cha mafuta ya nazi. Nilidhani mafuta ni yake. Akanieleza kuwa wino wa pedi hautoki kwa maji, na kwamba mzee aliyekwenda kuusia akirudi msikitini na kidole cha zambarau, kijiji kizima kitajua habari zake kabla ya adhuhuri. Basi ukimaliza, mpake mafuta, mfute mwenyewe, kwa adabu. Siku hiyo yote alinifundisha kidole gumba peke yake: kukizungusha taratibu kutoka ukucha hadi ukucha, si kukibonyeza kama mtu anayeua chawa. Alinitahadharisha juu ya wanawake wanaobangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho hula ngozi, na baada ya miaka kumi ya kubangua, kidole kinakuwa laini kama kijiko. Ukikipiga karatasini unapata doa, hupati mistari. Kwa watu hao, alisema, usitegemee kidole, tegemea mashahidi.

Na juu ya mashahidi alikuwa na sentensi moja, akaniandikisha kwenye daftari kama mwanafunzi: shahidi hashuhudii karatasi, anashuhudia mkono. Mashahidi wote wawe mahali pamoja, wakati mmoja, waone mwenye wasia anaweka sahihi au kidole, na yeye aone wanaweka zao. Anayepewa kitu asiwe shahidi, wala asiguse kalamu, wala asimshike mgonjwa mkono. Ikiwezekana, atoke nje akachanje kuni.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Njinjo, kwa mzee mmoja mkulima wa ufuta. Nilikuta amenialikia mashahidi wanne, rika lake wote, kwa kuwa kumwita kijana ashuhudie jambo zito kama hilo angeona ni kuwadharau wenzake. Mdogo wao alikuwa na miaka kama sabini. Alikuwepo pia mtani wake, mzee mwenye kikohozi, aliyekaa mlangoni na kunikatiza kila nilipoandika mstari. Alitaka aandikiwe koti la mvua. Mwenye wasia akasema koti hilo atazikwa nalo. Mtani akasema basi andika, karani, kwamba nitalifukua. Tulicheka, nikaandika, wakatia sahihi zao kwa mikono inayotetemeka, nikarudi Masoko nikijiona mtu.

Bi Somoe aliyasoma majina ya mashahidi na umri wao, akaniuliza kama nimeandika wasia au orodha ya marehemu watarajiwa. Alikuwa sahihi. Mzee yule aliwazika mashahidi watatu kati ya wanne, na wasia wake niliuandika upya mara mbili. Tangu hapo nikijua nakwenda kijijini nilikuwa naomba mapema: wazee wawe wawili kwa heshima, na vijana wawili kwa usalama.

Mambo mengine niliyajua kwa kuumbuka. Kijiji cha Kilangala, bibi mmoja alizungumza Kimwera kwa muda wa kuivisha wali, akionyesha shamba, akionyesha wajukuu, akifuta macho. Mkwewe akanitafsiria kwa maneno sita, kwamba vyote apewe yeye. Chumba kizima kilicheka, na bibi mwenyewe alicheka kuliko wote, maana Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, ila hakupenda kukisema. Tangu siku hiyo mkalimani wangu alikuwa mtu asiyepata hata kuku. Penye nafasi tupu mwisho wa ukurasa nilijifunza kupiga mstari hadi chini, kwa sababu niliwahi kukuta nafasi ya namna hiyo imeota mikorosho thelathini. Nilijifunza pia kutopokea chakula kabla ya kazi, na kutoonekana mwenye haraka baada yake.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukizoea ni woga wa watu. Wengi huko wanaamini kuandika wasia ni kukiita kifo. Kuna nyumba nilinyimwa maji ya kunywa; mwenye nyumba aliniita, lakini mkewe aliniona kama mchimba kaburi aliyekuja kupima. Sikubishana naye. Nilikuwa namwambia mwenye wasia avute pumzi, tuongee habari za mashamba kwanza. Na kwa kuwa karibu wote ni Waislamu, nilikuwa nawaeleza yale ambayo shehe wao angewaeleza: warithi wana mafungu yao yaliyokwisha kupangwa, hayaguswi, lakini theluthi ya mali yako unaweza kumuusia mtu ambaye si mrithi wako. Theluthi hiyo ndiyo iliyotuletea kazi. Kila familia ina mtu wake ambaye damu haimtambui na moyo unamtambua.

Mtu huyo, kwa Bi Hadija wa Kiranjeranje, alikuwa Tatu.

Bi Hadija alikuwa mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hawakujaliwa mtoto. Tatu aliletwa kwao akiwa na siku saba, mama yake amefia kwenye uzazi, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi na uji mwembamba. Wakati ninaousema alikuwa na miaka thelathini na kidogo, ameachwa na mume, amerudi kumuuguza mama. Mwalimu alikuwa amefariki, na Bi Hadija alikuwa ndani, anakaa eda: miezi minne na siku kumi za mjane, hatoki, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Eda hiyo ilimkuta tayari ana uvimbe tumboni ambao hospitali walikuwa wameshamaliza kuutazama, wakamrudisha nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya mume, na ndugu wa mume walikuwa wanaingoja eda iishe. Shamba la mikorosho lilikuwa la Bi Hadija mwenyewe, alilifyeka na kulipanda kwa mkono wake. Mrithi wake alikuwa mmoja, kaka yake Bakari wa Lindi. Alitaka sehemu ya kaskazini ya shamba, penye kibanda cha bati, isiyozidi theluthi, iwe ya Tatu. Yaliyobaki kwa kaka. Asingeandika, Tatu angetoka mle ndani na nguo zake tu, kwa kuwa sheria haikumjua. Ujumbe ulitufikia mwezi wa tatu wa eda, kwamba karani aje upesi.

Nilifika asubuhi. Mashahidi walikuwa wamekwisha kuja, tena mashahidi wa kutamaniwa: Shehe Abdallah, imamu wa msikiti, na Mwalimu Chande, aliyestaafu shule ya msingi. Hawakuwa wazee sana, wanajua kusoma, hawapewi kitu. Walikuwa wamekaa barazani. Tatu alitukaribisha, akatuandalia mkeka pale pale barazani kwa kuwa ndipo tulipokwisha kukaa. Mimi nilisogea hadi ukumbini, mbele ya mlango wa chumba ulioning'inizwa pazia la maua mekundu. Nikamsalimia Bi Hadija shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti kavu, lakini iliyo wazi.

Tuliandika kwa mazungumzo hayo ya pazia. Alitaja mipaka ya shamba pole pole, akipumzika. Nilipomsomea, nilisema mpaka wa mashariki ni kisima. Akanikatiza: si kisima, ni kichuguu, kisima ni cha jirani. Sikufuta; nikaandika upya karatasi nzima, kwa sababu wasia haufutwifutwi. Nikasoma mara ya pili kwa sauti ya kufika barazani. Nikamuuliza kama ndivyo anavyotaka.

"Ndivyo. Na Bakari ni ndugu yangu, simnyimi. Lakini huyu ni mwanangu."

Mashahidi walisikia. Nilisikia. Halafu ikabaki kazi ya kidole.

Nilitoka hadi barazani nikawaambia wazee inabidi tuingie. Shehe Abdallah alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekanyaga mkeka kwa viatu.

"Mwanangu, nyumba ya eda hii."

Aliyasema kwa upole. Mwalimu Chande aliinama akakunja mguu wa suruali, akaukunjua. Nilipendekeza tuite majirani wawili wanawake waone badala yetu. Walikuwa shambani, wakati wa palizi. Kuwangoja kungekula saa tatu au nne. Shehe alikuwa na mazishi kijiji cha pili baada ya adhuhuri. Wote wawili walikuwa watu wazima kuliko mimi, watu wa dini na wa elimu, na mimi nilikuwa mtu wa bara niliyekuwa bado nahofia kuonekana sijui adabu ya pwani, baada ya miaka yote hiyo. Nikarudi ukumbini. Tatu alikuwa amesimama kando ya pazia. Nikampa pedi, nikampa karatasi, nikamwonyesha mahali.

Nawaandikia jambo hili kama lilivyokuwa: mimi, kwa mkono wangu, nilimpa anayepewa shamba wino na karatasi, akaingia navyo chumbani peke yake.

Alitoka baada ya muda mfupi. Chini ya maandishi palikuwa na doa la zambarau, halina mstari hata mmoja, kidole cha mwanamke aliyebangua korosho maisha yake yote. Shehe akaweka sahihi. Mwalimu akaweka sahihi, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja. Nikampa Tatu mafuta ya nazi akamfute mama yake. Kwa kuutazama, ulikuwa wasia safi kuliko wote niliowahi kuandika.

Ofisini Bi Somoe, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliuchukua aufunge. Alisoma hadi chini. Akaniuliza nani alikiona kidole. Nikaanza kumweleza habari za eda. Aliniacha nimalize.

"Rudi," akasema.

Nikamwambia nitarudi eda ikiisha, siku arobaini na kitu tu, tufanye upya mambo yote waziwazi.

"Mnyamwezi, rudi kesho."

Sikurudi kesho, wala kesho kutwa. Ningependa kuwaambia kulikuwa na mvua, lakini barabara ya Kiranjeranje ilikuwa ya lami wakati huo, na pikipiki ilikuwa nzima. Kilichonizuia ni aibu. Ningemwambiaje Shehe Abdallah kwamba heshima yake ina kasoro? Nilijiambia mgonjwa ana sauti nzuri, atafika. Alifariki zikiwa zimebaki siku kumi na saba.

Bakari alifungua mirathi mahakama ya mwanzo. Tatu akapeleka bahasha yetu. Bakari hakuwa mtu mbaya, na naomba msimfikirie hivyo. Alikuwa dereva wa trekta, mwenye watoto saba, aliyekuja msibani akatuliza watu na kulipia sanda. Alipousikia wasia, alisema neno moja tu, na alilirudia mbele ya hakimu: dada yangu hakujua kusoma wala kuandika, alikuwa mahututi, basi nionyesheni mtu aliyemwona akiweka kidole. Lilikuwa swali la haki. Ndilo swali ambalo kazi yetu yote imewekwa kulijibu.

Asubuhi ya ushahidi nilimkuta Tatu amekaa kwenye ngazi za mahakama, kanga nyeusi kichwani. Nilikuwa sijalala sawasawa. Nilikuwa nimeshajua kwamba neno moja langu, "nilikiona," lingempa shamba, na kwamba neno hilo lisingekuwa uongo juu ya matakwa ya Bi Hadija, maana niliyasikia kwa masikio yangu, hadi kichuguu. Sikumwambia hayo. Lakini alinisoma.

"Kaka Maganga, ulimsikia mama?"

"Nilimsikia."

"Basi sema ulichosikia. Mimi sitaki kulala kwenye kibanda chake kwa kiapo cha uongo."

Mwalimu Chande alitangulia. Aliulizwa kama aliona, akasema waliona. Hakimu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, akamuuliza marehemu alikuwa amekaa au amelala. Sijawahi kumwona mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini akisimama vile, mikono nyuma, kama anayengoja fimbo. Hakimu hakumsukuma. Shehe Abdallah alisema ukweli mtupu: kusikia tulisikia, kuona hatukuona, na tulikaa nje kwa ajili ya eda.

Kisha mimi.

"Karani, hii ni kazi yako. Ulikiona kidole kikiwekwa?"

"Sikukiona."

"Alikuwa na nani chumbani?"

"Na Tatu."

"Tatu anayeusiwa?"

"Ndiye."

Nikaomba niruhusiwe kusema niliyoyasikia, nikasema yote, mpaka wa kichuguu na maneno yake ya mwisho juu ya kaka na mwana. Bakari aliinamisha kichwa niliposema hayo. Hakimu aliandika kila kitu. Alipoinua macho hakuwa na hasira, na ningependelea awe nayo.

"Sauti hufanana na sauti, Karani. Ndiyo maana tunataka macho."

Doa la zambarau halikuweza kulinganishwa na chochote. Wasia haukuthibitika. Shamba lote lilikwenda kwa mrithi. Bakari alimwachia Tatu korosho za msimu ule, azivune mwenyewe, na hilo halikuwa dogo. Baada ya hapo kibanda kikaingia mtu wake.

Nilirudi ofisini jioni. Bi Somoe alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Alikuwa amesikia. Nilingoja aniulize mzigo nimeutua wapi. Badala yake akasema, "Pole, Maganga," akaenda zake.

Nilifanya kazi miaka mitatu mingine. Nilikuwa karani mgumu, mtaambiwa hivyo na watu wa vijijini. Niliwangoja wanawake watoke shambani. Niliwatoa wana na wakwe nje. Niliwahi kulala Njinjo siku mbili nikingoja mgonjwa apate nguvu ya kukaa ili mashahidi wamwone. Hakuna wasia wangu mwingine ulioanguka. Lakini miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tena, kama ilivyokuwa Mpanda na Morogoro, na safari hii nilijua sababu. Kila nilipoufungua mkoba ule nilikuwa natazama kwanza pedi. Nikamwomba wakili anipumzishe. Aliniambia miaka arobaini na sita si ya kustaafu. Nikamwambia kuna watu wanaostaafu kwa umri na wengine kwa uzito. Alitia sahihi, mbele ya mashahidi wawili. Nililisisitiza hilo, na wote wakacheka.

Siku niliyoondoka nilishuka Nangurukuru kungoja basi la kwenda Dar, na kutoka huko treni ya nyumbani. Nilikuwa nimewahi makusudi. Tatu alikuwa amepanga chumba karibu na stendi, anauza chapati na chai asubuhi. Nilikuwa nimempita mara nyingi kwa pikipiki nikitazama mbele. Siku hiyo nilikwenda, nikaketi kwenye benchi, nikaagiza chai nisiyoitaka, nikamwambia naondoka na nimekuja kuomba radhi.

Alikuwa anasukuma chapati. Hakuacha.

"Radhi nilikupa siku ile ile. Ulisema kweli."

Nikasema siyo ya mahakamani. Ya nyumbani, ya siku ya kidole. Nikamweleza kwamba tulikaa nje kwa kuogopa kumvunjia mama heshima, katika eda yake, katika ugonjwa wake. Hapo akauweka chini mti wa kusukumia.

"Kaka, mama alijifunika tangu alfajiri. Buibui, mtandio, mpaka soksi. Kukaa kulikuwa kunamuumiza, lakini alinitaka nimwinue nimwegemeze ukutani, asiwapokee wageni amelala. Akanituma kwa jirani nikaazima viti vitatu. Vilikuwa ndani. Vya kwenu."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mimi nilidhani kukaa nje ndiyo sheria yenu. Mlikuja na mkoba, mlikuja na shehe. Nilipoingia na ule wino, mama aliviangalia viti, akasema, 'Kumbe hawaingii.' Halafu akanipa kidole."

Basi lilikuwa limeshaingia, kondakta anagonga ubavu wa gari na kuita abiria wa Dar. Nikasimama. Tatu alinifungia chapati mbili kwenye gazeti, akakataa nizilipie, akakataa niziache.

"Mngepiga hodi tu pale kwenye pazia," akasema. "Angewakaribisha."